Dole la Mahlon Zerbe

Verna Zerbe alikuwa amevaa glavu nyeupe za pamba, kwa hiyo ile alama ya dole gumba kwenye risasi haikuwa yake.

Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha dogo la chumba cha chini ya nyumba. Jana tu, walipotoka kanisani, yeye na mumewe Lamar walizitia risasi zote kwenye kile chombo cha umeme kinachotikisika, zikazunguka ndani ya magunzi ya mahindi yaliyosagwa mpaka zikang'aa. Wakazifuta moja moja kwa kitambaa na kuzifungia kwenye sanduku la chuma lenye mpira mfunikoni. Sasa hii ilikuwa na doa jeusi lenye mistari ya kidole, na kovu limelikata doa mshazari. Akachukua nyingine. Nayo ilikuwa na doa hilohilo.

"Lamar! Hebu shuka."

Lamar alishuka akitafuna kipande cha pai. "Nini tena?"

"Baba yako dole gumba lilikatwa na nini?"

"Msumeno. Hata sijazaliwa. Kwani..." Akaona. Akaacha kutafuna.

Baba huyo, Mzee Mahlon, walimzika vuli hiyohiyo, majani yalipoanza kubadilika rangi. Alikuwa na mkono wa chumvi: akigusa shaba, hata ya ganda la risasi, kwa kidole kitupu, kesho yake imeingia weusi, na watu walimtania kwamba asije akaisogelea kengele ya kanisa. Ndiyo sababu ya zile glavu, ambazo zilikuwa zake. Risasi hizo zake alizijaza mwenyewe, baruti akiipima kwenye mizani, na nasema wazi kwamba alizipenda kuliko alivyompenda mwanawe.

Huku kwetu Pennsylvania mtu atakuazima trekta lake, na ukimbembeleza atakuazima hata meno ya bandia, lakini risasi aliyoijaza kwa mkono wake hakupi, wala wewe huombi. Akifa, zinafumuliwa: kichwa cha risasi kinang'olewa, baruti inamwagwa bustanini, basi. Lamar alilijua hilo tangu utotoni. Lakini baba yake hakuwahi kumsifu hata siku moja, na yeye alitaka msimu wa kuwinda ukifunguliwa amwangushe kulungu dume kwa risasi ya mzee, ili kuwe na kitu kimoja walichokifanya pamoja. Ilikuwa tamaa ya kusikitisha, nami siwezi kumcheka.

"Ni jasho letu tu," alisema. "Tuzing'arishe tena."

"Jasho letu lina kovu?"

Wakazing'arisha tena. Kila walipozifuta, kesho yake alama zilirudi, nyeusi zaidi, na chumba kikaanza kunuka zile pipi za mnanaa alizozoea mzee kuzimumunya.

Mchana mmoja, wakiwa mezani, chombo kikaanza kunguruma chini. Lamar aliinamia sahani yake akajifanya hasikii. Verna akashuka ngazi akishika ukuta, akiomba iwe ni hitilafu ya umeme, na alipofika chini akakuta waya umekunjwa juu ya rafu palepale walipouacha, haujachomekwa popote, na chombo kinatikisika, na magunzi yanapanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, na ile harufu ya mnanaa, iliyokuwa imetanda chumba kizima, ikakusanyika nyuma yake, ikasogea, ikawa joto la pumzi kwenye sikio lake, kwa kimo cha mtu mrefu aliyeinama kidogo ili aone vizuri kazi inayofanyika. Hakugeuka. Alisimama hivyohivyo mpaka Lamar alipomwita, na chombo kikanyamaza.

Kesho yake akaenda kumchukua Bibi Sevilla, yule anayewasomea watu maneno ya Biblia kwa mnong'ono na kuwapulizia, damu ikakatika na moto wa kuungua ukapoa. Bibi alikuja na uzi mwekundu kwenye mfuko wa aproni. Alichungulia sandukuni bila kugusa kitu.

"Mmemfuta mara ngapi?"

"Sijui, Bibi. Kila siku."

"Na kila siku anarudi kushika chake." Alishusha sauti. "Mkimfuta hapa, mwanangu, mnamwachia mkono usio na pa kushika. Atatafuta pengine."

"Pengine wapi?"

Bibi alimtazama Lamar.

Lamar akajichekesha. "Jini gani hilo, Bibi, linalohesabia watu risasi?"

"Afadhali lingekuwa jini. Jini likiambiwa toka, linasikia. Huyu ni Zerbe. Zifumueni leo, zote, na madoa yake, kisha maganda yazikwe miguuni pa kaburi lake. Msifute tena. Na msibakize."

Walizifumua alasiri ileile. Bibi alinong'ona, akalifunga sanduku kwa uzi, na Lamar akaenda kulifukia makaburini. Harufu ikaondoka. Verna akaanza tena kuimba jikoni, na hofu yote ikaonekana kuwa imekwisha.

Asubuhi ya kufungua msimu alikuwa akikaanga nyama, koti la Lamar la kuwindia, la rangi ya chungwa, likiwa kwenye kiti. Alipolisogeza lisichafuke, mkono wake ukagusa kitu kigumu mfukoni. Risasi.

"Moja tu, Verna," Lamar alisema haraka. "Mzee asingeninyima moja."

"Lamar, umetuua!"

Aliikimbiza kwenye taa kutafuta alama. Aliigeuza huku na huku. Ilikuwa inang'aa, haina doa lolote, naye akashusha pumzi.

"Kumbe umeifuta."

"Sijaifuta. Si Bibi alisema tusifute?"

Lamar akainama kufunga viatu, kola ikashuka. Nyuma ya shingo, chini ya nywele, palikuwa na dole gumba jeusi lenye kovu la mshazari. Verna alinyakua kitambaa cha vyombo akasugua, akasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu, na dole halikutoka. Kisha upande wa pili wa shingo, taratibu, vikaanza kujitokeza vidole vingine. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga jiko.

"Basi, Verna," alisema Lamar, bado ameinama, sauti imekauka. "Niachie. Unanibana."