Ndege wa Ukutani

Kila asubuhi, kabla hajamaliza kufunga kamba za viatu, Kasuku alikuwa ameshawasimulia watu wa nyumbani ya jana, ya leo na ya kesho. Jina hilo hakulipata bure. Jumamosi moja alimsaidia shangazi yake kufagia ukumbi wa maonyesho, mdomo ukienda mbio kuliko ufagio.

Shangazi alikuwa msanii wa video. Kwa miezi mingi alipiga picha za ndege ziwani, kisha akaziunganisha na vinasa sauti vilivyoning'inia darini. Video ilijaza ukuta mzima, nayo ilisikia.

"Mtu akisema, ndege hutua. Lakini sharti..."

"Nimeelewa, Shangazi! Wenzangu watashangaa!"

Shangazi akatikisa kichwa, akaenda kumpokea mwalimu wa Kasuku na darasa lake mlangoni.

Wanafunzi wakaingia gizani. Ziwa lilimeremeta mbele yao, na maji yakasikika yakigonga ufuko taratibu. Wiki nzima Kasuku alikuwa amejigamba kwamba ukuta wa shangazi yake una masikio.

"Haya, semeni!"

Wote wakasema kwa pamoja. Ndege wachache waliokuwepo wakaruka.

"Kwa nguvu!"

Wakapiga kelele. Ziwa likachafuka, likawa jeusi tii.

"Una masikio kweli," alisema Golikipa, mchekeshaji wa darasa, "ila yamejaa nta!"

Vicheko vikalipuka. Kasuku akaiwaza shule. Jumatatu nani angemwamini? Kibaya zaidi, Shangazi alikuwa amesimama pembeni, akikunja na kukunjua kitambaa cha vumbi. Jasho lake la miezi yote ile lilikuwa likichekwa.

Kasuku akamsogelea. "Shangazi, ulitaka kuniambia sharti gani? Sikukuacha umalize."

"Mmoja mmoja, mwanangu. Ndege hawapendi makelele."

Kasuku akawaomba wenzake wanyamaze. Polepole maji yakatulia. Alitamani sana kuanza yeye, lakini akamgeukia Golikipa. "Anza wewe."

"Mimi? Ee... hamjambo?"

Korongo mweupe akashuka, akatua mbele yake. Kutoka kwenye spika, sauti ya Golikipa ikarudi laini kama filimbi.

"Jamani! Ameniitikia!" alinong'ona, mkono kifuani.

Wakafuata mmoja mmoja. Kila sauti ilileta ndege wake na wimbo wake, hata ya binti mmoja mpole ambaye darasani hasikiki. Zamu ya Kasuku ilipofika, ziwa lilikuwa jeupe kwa mbawa.

"Asanteni," alisema tu. Ndege wa mwisho akatua.

Jioni, wakizima mitambo, Shangazi alimshika bega. "Kusema unajua, sina la kukufundisha. Leo umejifunza nusu iliyobaki. Hata sala si kumsemesha Mungu tu. Kuna kunyamaza umsikie. Asiyesubiri mwenzake amalize husikia nusu, na nusu humwaibisha."

Kasuku akafungua mdomo ajibu. Akaufunga. Akamtazama shangazi yake usoni, akingoja kuona kama amemaliza.