Nyonga Mpya ya Bibi Chura

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Kiluwiluwi na bibi yake walikwenda kwenye bwawa la kuogelea la mji. Kiluwiluwi lilikuwa jina la utani alilopewa na bibi mwenyewe, maana bibi huyo mtaa mzima ulimwita Bibi Chura. Alipoogelea mtindo wa chura, akipiga yale mateke ya kutanua mapaja, hata vijana wenye kuringa na vifua vyao walijisogeza pembeni wakamwachia njia. Nusu ya watoto wa mtaa ule, akiwemo Kiluwiluwi, ni yeye aliyewafundisha kuogelea.

Kisha nyonga yake ya kulia ikaharibika. Ilisagika mpaka akawa anatembea kwa kushika ukuta, na mwishowe madaktari wakaitoa wakamwekea ya bandia. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kidonda kilipona, magongo yakawekwa nyuma ya mlango, na bibi akaruhusiwa kurudi majini.

Furaha haikudumu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali, mwanamke mpole lakini asiyebembelezeka, aliwaeleza wote wawili kwamba bibi atembee kwenye maji ya kiunoni, na apige mateke ya mguu ulionyooka huku ameshika kibao cha kuelea, basi. Mateke ya chura asiyaguse, kwa sababu yanaupinda mguu kwa nje na kiungo kipya kinaweza kuchomoka. Bibi aliuliza mpaka lini. Akajibiwa kwamba huenda ikawa moja kwa moja.

Tangu siku ile bibi alinywea. Bwawani alitembea katikati ya watoto wanaojifunza, kashika kibao cha plastiki chenye picha ya samaki, hasemi na mtu. Nyumbani alikaa akiutazama ukuta, chai ikipoa mbele yake. Kiluwiluwi akileta utani, hajibiwi. Akileta karata, anaambiwa kesho. Mtoto wa watu akaanza kuogopa. Aliona bibi yake anaondoka kidogo kidogo akiwa bado yupo, wala hakujua amshike wapi.

Jumamosi moja, bibi alimwita kando ya bwawa.

"Mjukuu wangu, nimechoka," alisema kwa sauti ya chini. "Kama kuogelea kwenyewe ndiko huku, afadhali nisije tena. Kamsemeshe mlinzi kidogo. Nataka nivuke mara moja tu, kwa mtindo wangu. Na mama yako asijue."

Kiluwiluwi alijua fika kwamba si sawa. Lakini ilikuwa muda mrefu hajayaona macho ya bibi yakiwa na uhai, na moyo ukamlainika. Akaenda kwa mlinzi wa bwawa, akajifanya amedondosha miwani yake ya kuogelea mtaroni, na yule kijana mwema akainama kumtafutia.

Bibi hakufika hata katikati. Mikono ilisimama, kisha kichwa kikazama. Kiluwiluwi alipiga ukelele, mlinzi akajitosa na kumtoa nje, uso umemsawijika kwa maumivu.

Hospitalini, bibi alisema ameteleza kwenye ngazi za bwawa. Alisema hivyo huku akimtupia mjukuu wake jicho. Mama alikuwa ameshafika kutoka kazini, mkoba bado begani. Mtaalamu akasema kama ni kuteleza tu, basi misuli imeshtuka. Atapewa dawa ya maumivu na kesho aendelee kutembea kama kawaida.

Kiluwiluwi alitazama sakafu. Akisema, bibi hatamsamehe, tena huenda asikanyage bwawani maisha yake yote. Asiposema, bibi atarudi nyumbani na kiungo ambacho hakuna ajuaye kimepatwa na nini. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Hakuteleza," alisema. "Alipiga mateke ya chura. Mimi ndiye niliyemzuga mlinzi."

Bibi aligeukia ukuta. Mtaalamu hakugomba, alifuta maagizo yake palepale na bibi akapelekwa kupigwa eksirei. Mama na mwana walisubiri kwenye benchi, Kiluwiluwi akijiona ndiye mtu mbaya kuliko wote duniani.

Kiungo kilikuwa bado mahali pake, lakini misuli inayokishikilia ilikuwa imechanika. Angeutembelea mguu ule kama kawaida, kingechomoka. Bibi alirudishiwa magongo, akapigwa marufuku maji mpaka atakapopona, naye akalia mbele ya watu wote. Kwa wiki nyingi hakumsemesha mjukuu wake zaidi ya salamu.

Siku waliyoruhusiwa kurudi bwawani, bibi alishuka ngazi polepole na kibao chake. Kiluwiluwi alibaki ukingoni, akiogopa kusogea, mpaka alipoitwa.

"Nilikukasirikia," bibi alisema. "Nilijua unanipenda, ndiyo maana nikakutumia. Ungeninyamazia siku ile, leo nisingekuwa na mguu wa kusimamia. Watoto wote hawa nimewafundisha kuogelea, lakini wewe nilisahau kukufundisha kuniambia hapana. Anayekupenda hakufichii siri ya kukuumiza, hata ukimlilia. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

Bibi aliangalia upande wa kina kirefu, ambako watu walikuwa wakivuka.

"Teke moja tu la chura," alisema. "Dogo."

Kiluwiluwi alitamani kukubali kuliko kitu chochote.

"Hapana, bibi."

Machozi yalimlengalenga bibi. Kisha akakishika kibao kwa mikono miwili, akaunyoosha mguu nyuma yake kama alivyoagizwa, akaanza kupiga maji.