Ukuta Mzuri wa Hodan

Kila Jumamosi Hodan alifungua duka pamoja na mama yake, Bi Aliya, katika jengo jipya la maduka mjini Migori. Kazi yake ilikuwa kupanga vitenge, na katika kazi hiyo hakuna aliyemfikia. Jumamosi moja aligundua jambo. Ukutani palikuwa na tundu pana lenye wavu, na kitambaa kikiwekwa hapo kilinata chenyewe, kikanyooka bila pini hata moja. Akabandika kitenge cha buluu, kile cha bei. Wateja walikisifu hata akavimba kichwa.

Kufikia adhuhuri, maduka yote ya upande huo yalikuwa na joto la jikoni. Wateja walijifuta jasho, wakaanza kuondoka. Fundi wa viyoyozi, Millicent, alishuka kutoka paani huku meneja, Bwana Nicanor, akimfuata unyounyo.

"Mabomba yameshika barafu," Millicent alieleza. "Mashine ya maduka haya yote haivuti hewa. Kuna mahali pameziba."

"Kila siku sababu!" meneja alifoka. "Usipopaona leo, Jumatatu naleta fundi mwingine."

Millicent aliingia kwa kina Hodan. "Mama Hodan, hapa kwenu hakuna kitu kimeziba hewa?"

"Hapa? Wallahi hakuna," Bi Aliya alijibu, maana hakujua kilichokuwa nyuma ya kitenge.

Hodan aligeuka kutazama kitenge cha buluu. Sasa alielewa kwa nini kitambaa kilinata: mashine ilivuta hewa kupitia tundu lile. Akisema, mama yake ataaibika mbele ya watu baada ya kuapa. Akinyamaza, Millicent atapoteza kazi bila kosa.

"Hooyo, nisamehe," akamwambia mama yake kwa Kisomali chao. "Ni mimi. Nimeziba lile tundu kwa kitenge."

Alikibandua mwenyewe. Millicent akazima mashine ili barafu iyeyuke, na baada ya saa moja ubaridi ulirudi. Bwana Nicanor alikuna kichwa. "Fundi, nilikukosea," akakiri.

Bi Aliya alimshika binti yake bega mbele ya wote. "Mimi niliapa nikakosea, yeye akanirekebisha. Mnamwona huyu? Ni wangu!"

"Na mimi najivunia yeye," alisema Millicent. "Hodan, ungenyamaza, ningetafuta hadi jioni nisione kitu, na kazi ingeenda. Kila mtu hukosea, hata mimi. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako."