Madume Tisa wa Msitu wa DeSoto

Ford Transit nyeupe ilikata kulia bila kuwasha indiketa.

Kigen akakata nyuma yake. Camry yake ya kijivu ilipotea katikati ya magari ya barabara ya 183, na hivyo ndivyo alivyotaka. Kwenye simu, nukta nyekundu ilisogea kuelekea uwanja wa ndege wa DFW. Kifaa cha kufuatilia, kidogo kama punje ya mchele, alikibandika mwenyewe chini ya bampa la Ford asubuhi ile.

"Tru, anaingia upande wa mizigo."

"Copy." Truphosa, mkuu wake katika kikosi cha kuzuia magendo ya wanyama, alikuwa ofisini Irving. "Ndege inatoka saa tano na nusu. Box ikishapita kwa belt, hatuwezi kuirudisha."

"Najua."

"Ako na wangapi?"

"Tisa. Amemaliza wote."

Vipepeo tisa. Mtu angecheka. Lakini ule msitu mdogo nyuma ya nyumba za DeSoto ndio pekee uliobaki na fritillari wa madoa ya fedha katika kaunti nzima, na hao tisa wa rangi ya chungwa wote walikuwa madume. Madume hutoka kwanza kwenye vifukofuko vyao, Mei ikianza. Majike hufuata wiki kadhaa baadaye. Wakitoka wasikute dume, hakuna mayai, na mwaka ujao pale patakuwa na miti tu.

Kwa wiki tatu Kigen alikuwa amejifanya mpiga picha. Canon, lenzi ya macro, kofia ya pama. Jasusi mwenye Glock kiunoni, kapiga magoti topeni, kazuia pumzi ili mdudu asiruke. Wenzake wangemcheka hadi mbavu ziume. Naye, ukweli usemwe, alikuwa ameanza kuwapenda wadudu wale, jambo ambalo hakuliandika kwenye ripoti yoyote.

Ford ilisimama.

Patroba alishuka na kikasha cha barafu. Mkenya mwenzake huyu aliwahi kupakia mizigo uwanjani hapo. Siku hizi aliwasafirishia matajiri wa Ulaya viumbe wasiouzwa dukani.

"Weka chini, Patroba," Kigen alisema, akishuka garini.

Patroba aliutazama mkono wa Kigen uliozama ndani ya koti. Akautazama mlango wa mizigo, hatua ishirini mbele.

Akakimbia.

Alifika hatua ya kumi na moja. Kigen alimpiga ngwara na kukidaka kikasha kabla hakijagonga lami.

"Bro, ni wadudu tu," Patroba alisema pingu zikimbana. "Si hata wewe ulikuwa unawafuata kule na camera?"

"Nani ananunua?"

"Kila kitu kiko kwa simu. Chukua. Mimi niko na watoto."

Kigen alifungua kikasha. Bahasha tisa za karatasi laini, na ndani ya kila moja mbawa zilizokunjwa. Aliigusa ya kwanza kwa ncha ya kidole. Mguu ukatikisika.

"Tru, wako hai. Na mnunuzi tunaye."

Truphosa alishusha pumzi. "Warudishe kwao."

Saa saba mchana alikuwa DeSoto. Mama Bernadette, mkimbizi wa zamani kutoka Uvira, alimpokea langoni kwa mikono miwili. Tangu astaafu kazi ya ghala kule Mesquite, alijitolea kuutunza msitu ule bila kutumwa na mtu.

Walifungua bahasha moja moja juu ya maua. Wa kwanza akaruka. Wa pili. Wa tisa alikawia, akajaribu mbawa, kisha naye akaenda. Mama alikuwa akilia waziwazi na Kigen hakuona aibu kumshika bega.

Simu ikalia.

"Mtaalamu wa vipepeo amereply," Truphosa alisema. "Usikanyage huko ovyo. Majike bado wamelala kwenye vifukofuko, chini ya majani makavu. Watatoka next week."

Kigen alitazama chini.

Udongo ulikuwa mtupu, na mistari ya ufagio juu yake. Wiki tatu alikuwa ameukanyaga bila kushangaa. Kwao Kabarnet uwanja hufagiliwa kila asubuhi, na ufagiliwe vizuri.

"Mama, majani makavu yako wapi?"

"Nilifagiaka yote," Mama Bernadette alisema kwa fahari. "Kila asubuhi, tangu ulianza kuja. Nilionaka magoti yako iko machafu. Nikasema, mugeni atapiga picha fasi chafu namna gani? Nikatia mu sachet, camion ya takataka ikabeba."

"Mifuko mingapi?"

"Makumi ine. Ya mwisho ni jana."

Mifuko arobaini. Patroba angewachukua tisa. Magoti machafu ya Kigen yalikuwa yamewamaliza majike wote, waliozolewa pamoja na majani.

"Na babibi yabo batatoka siku gani?" Mama aliuliza, akiwaonyesha madume kwa kidevu. "Hawa banaume banateseka."

Kigen alikuwa amewadanganya watu wenye bunduki katika nchi tatu, na sauti haikuwahi kumtetemeka.

"Wiki ijayo, mama."

"Basi kesho nitafagia mapema."

"Kesho upumzike," alisema. Sauti ilitetemeka. Mama hakugundua, alikuwa akiwatazama vipepeo.

Redio ilikwaruza sikioni, Truphosa tena. "Kigen, makao makuu wanasema congratulations. Ni-close file?"

Madume waliruka chini chini juu ya udongo mtupu, huku na huku, wakitafuta.

"Close," alisema.

Akavaa miwani yake myeusi, akaenda garini polepole, kama mtu aliyemaliza kazi.