Simu ya Keki Iliyoliza Watu

Kila asubuhi nyumba ile ilinukia vanila upande mmoja na vumbi la mbao upande wa pili. Chumba cha mbele kilikuwa cha Mama Keki. Alipika na kupamba keki za harusi. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mumewe, seremala. Yeye alitengeneza majeneza, basi. Watu waliwatania, "Mke anakupeleka kwa wakwe, mume anakupeleka kaburini." Wenyewe walicheka na kuendelea na kazi.

Kwa muda mrefu walikuwa na simu moja ya mezani, nayo ilikaa chumba cha nyuma. Biashara ilipokua, walifungiwa mtambo mdogo wa simu. Kisanduku kilikaa ukutani, na simu zikawa mbili, moja kila chumba. Mama Keki alifurahi. Hakuhitaji tena kuongea na maharusi huku amekalia jeneza.

Siku moja alitaka kumuuliza mteja jambo dogo. Je, keki ya binti yake iwe na maua meupe au ya waridi? Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Mama Keki akarudi kukoroga unga.

Mchana, mteja huyo akaingia dukani, macho mekundu. Nyuma yake alikuja baba yake, mzee mwenye miwani mipya.

"Mama Keki," alisema yule mama, "ulinipigia kuniambia nini?"

"Nilitaka kukuuliza rangi ya maua."

"Maua ya keki au ya kaburi?"

Mambo yalikuwa hivi. Zamani mama huyo alinunua jeneza kwa seremala, alipomzika mama mkwe wake. Namba ya seremala akaihifadhi kwa jina la "Majeneza". Asubuhi ile baba yake alikuwa amekwenda hospitali. Alikwenda kupimwa macho tu. Mara simu ikaita, na kwenye kioo likatokea neno moja: MAJENEZA.

Mama wa watu hakukumbuka macho. Alikumbuka hospitali. Akaitupa simu kwenye kochi, akashika kichwa, akalia. Majirani wakaja. Mmoja akaleta viti. Mwingine akaanza kueleza jinsi marehemu alivyokuwa mtu wa watu.

Mzee akarudi kwa miguu, akakuta uwanja umejaa vilio. Akavua kofia, akakaa nyuma, naye akajifuta machozi, maana ana moyo mwepesi. Baada ya kulia vya kutosha, akamgusa jirani begani.

"Samahani, nani kafariki?"

Jirani akageuka. "Wewe," alisema, kisha akaanguka pamoja na kiti chake.

Mama Keki alisikiliza yote, mkono mdomoni. Hakujua acheke au aombe radhi. Akaomba radhi.

"Mimi sijakasirika," alisema mzee. "Nimesifiwa sana."

Lakini yule mama hakuwa na mzaha. "Siku ya harusi utanipigia kwamba keki iko njiani. Nitazimia mbele ya wakwe. Namba hiyo isipobadilika, nitatafuta mpishi mwingine."

Walipoondoka, Mama Keki akamwita mumewe, akamsimulia. Sasa Mama Keki alielewa mengi. Alielewa kwa nini wateja wengi, wenye namba ile ya jeneza tangu zamani, hawapokei simu zake. Alimkumbuka yule aliyepokea, akasema, "Hatujafa bado," kisha akakata.

"Usihangaike, mke wangu," alisema seremala. "Tuifiche namba. Wasione kitu."

Wakaificha. Kesho yake Mama Keki alipiga simu hadi sikio likapata moto. Hakuna aliyepokea, isipokuwa bwana mmoja. Naye alisema, "Tapeli wewe, tafuta kazi."

Seremala akawaza tena. "Basi tuweke namba ya hospitali ya wazazi. Hakuna asiyepokea simu ya hospitali ya wazazi."

"Halafu mwanaume mmoja aanguke kwa presha," alisema mkewe, "useme umepata mteja."

Hapo Mama Keki akachukua simu yake ya mkononi, akampigia wifi yake. Huyu alikuwa dada yake seremala, na kazi yake ilikuwa kufunga mitambo ya simu maofisini. Akaja na kompyuta yake begani, akasikiliza yote.

"Kaka, namba ya mtu mwingine usiiguse," alianza. "Ukionyesha namba isiyo yako, unadanganya watu. Matapeli ndio wafanyao hivyo. Kampuni ya simu inaweza kukufungia, na sheria ikakukamata."

"Na kuificha?"

"Ni kama kubisha hodi huku umefunika uso. Nani atakufungulia?"

"Wifi," aliuliza Mama Keki, "hilo neno Majeneza linatoka wapi? Mimi sijaliandika popote."

"Ninyi mnatuma namba tu. Jina aliliandika yeye mwenyewe, kwenye simu yake. Tatizo ni hili. Simu zenu ni mbili, lakini mtambo umepangwa zote zitoke nje na namba moja, ya kaka. Ukipiga wewe, anaonekana yeye."

"Dawa yake?"

"Ombeni kampuni ya simu namba ya pili, isajiliwe kwa biashara yenu. Kisha nitapanga mtambo. Simu ya mbele ikipiga, itoke na namba ya keki. Ya nyuma itoke na namba ya majeneza."

"Basi, tumemaliza," alisema seremala.

"Hatujamaliza. Mtu akikosa simu yako, ataipiga ile namba aliyoiona. Sasa akiipiga, inaita wapi?"

"Kote kuwili," alisema Mama Keki. Simu zao ziliita zote mbili kwa pamoja, na aliyekuwa karibu alipokea.

"Kila namba iite kwenye meza yake," alisema wifi. "Mteja akirudi, amkute aliyemtafuta."

Namba ilipopatikana, wifi akafungua ukurasa wa mtambo kwenye kompyuta, akabonyeza hapa na pale. Kisha akamwambia Mama Keki aipigie simu ya mkononi ya mumewe kwa simu ya mbele. Ikatokea namba ileile ya majeneza.

Wifi akatazama kompyuta, akakuna kichwa. "Nimesahau kuhifadhi mabadiliko."

"Hata wewe?" aliuliza kaka yake.

"Ndiyo maana tunajaribu sisi kwanza, kabla ya kumpigia mteja."

Mara ya pili ikatokea namba mpya. Seremala akaipiga kutoka chumba cha nyuma. Ikaita mbele, wala haikuita nyuma.

"Karibu, hapa ni kwa keki."

"Naomba kuongea na mke wangu."

"Yuko kazini," alisema Mama Keki, akakata.

Kisha akawatumia wateja wake ujumbe: hii ndiyo namba ya keki, tafadhali ihifadhini. Kwa mama wa bibi harusi hakutuma ujumbe. Alikwenda mwenyewe, akasubiri mpaka mama huyo alipoandika jina kwa mkono wake: KEKI. Siku ya harusi simu ikaita nyumbani kwao. Yule mama akatazama kioo, akapokea hapohapo, mbele ya wakwe, akiwa amesimama wima.

"Iko njiani?" aliuliza.

"Iko mlangoni," alijibu Mama Keki.

Siku chache baadaye simu ya chumba cha nyuma iliita. Alikuwa kijana aliyefiwa na mama yake. Zamani huenda angepokelewa kwa sauti ya harusi na kuulizwa anataka keki ya ghorofa ngapi. Safari hii iliita kwa seremala peke yake. Akaweka randa chini, akavuta kiti.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Sema taratibu. Nakusikiliza."

Chumba cha mbele, Mama Keki alisikia sauti ya mumewe kupitia ukuta. Akazima mashine ya kukoroga, akasubiri mpaka walipomaliza kuongea.