Yai Halisomi Moyo

Tangazo! Tangazo kwa wakazi wote wa Bonde, wenye nyumba na wapangaji, waliobatizwa na wanaosubiri! Jumapili ya Pasaka, katika uwanja wa Bibi Eulalia, Leobardo Cantú, kijana mwenye sura nzuri na akili nyingi, atatoa onyesho ambalo halijaonekana tangu mto wetu uanze kutiririka.

Onyesho lenyewe lilikuwa kumpulizia dada yake tarumbeta sikioni.

Leobardo alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni ya mapadri. Huko alifundishwa hesabu, Kilatini na tarumbeta. Mengine alijifundisha mwenyewe. Mapadri bado wanamtafuta aliyemwingiza mbuzi kanisani.

Pasaka kwetu ni siku ya kuvunjiana mayai kichwani. Majira yote ya baridi Bibi Eulalia hutoboa mayai kwa juu, akamimina ya ndani kikaangoni, akaosha maganda. Kisha huyajaza vipande vya karatasi za rangi. Siku yenyewe ikifika, hakuna anayeheshimiwa. Hata padri hurudi nyumbani na nywele za kijani.

Leobardo aliona mayai ni mambo ya watoto. Dada yake Yesenia, wa miaka kumi na minne, alikuwa ameshiba nyama ya kichwa cha ng'ombe na tortilla, chapati zetu za mahindi. Alikuwa amelala kwenye kiti kivulini. Leobardo alinyata nyuma yake, akavuta pumzi, akapuliza.

Yesenia aliruka. Kisha akaanguka kama gunia.

"Acha kuigiza," Leobardo alimwambia. "Inuka, bwana."

Hakuinuka. Midomo yake ilikuwa imepauka. Mama yao, Ofelia, alipiga kelele akamkimbilia. Kabla hajamfikia vizuri, Yesenia alivuta pumzi, akafumbua macho.

"Nani amechukua sahani yangu?" aliuliza.

Watu wakacheka kwa kushusha pumzi. Mama hakucheka. Alimpiga Leobardo kofi la kisogoni.

"Mshenzi wewe! Mapadri wanakufundisha nini huko?"

"Ni susto," alisema Bibi Eulalia, mama yake Ofelia. Susto ni ile hofu inayoitoa roho mwilini. "Roho yake imeruka. Sisi ni ukoo wa roho nyepesi. Leteni yai, zima, lisilotobolewa."

Bibi alimlaza Yesenia kitandani. Alimpitishia yai kutoka utosini hadi miguuni, huku akisali. Kisha alilivunja ndani ya glasi ya maji na kulitazama kwenye mwanga.

"Mnaona nyuzi hizi? Hiyo ndiyo hofu. Imetoka. Kesho atakuwa mzima."

Leobardo alishukuru kimoyomoyo. Yai limemtetea.

Wakati huo Mama Chela aliingia na sufuria ya maharage. Mama Chela ni jirani, na ni mhudumu wa afya wa mtaa. Hupita nyumba kwa nyumba akiuliza watu habari za sukari, presha na chanjo. Hana sauti ya chini.

"Kuna nini? Mbona nyuso kama za matanga?"

"Msichana amepatwa na susto," Bibi alijibu. "Nimeshamsafisha."

"Alianguka akazimia?"

"Kidogo tu."

"Kuzimia hakuna kidogo, Bibi. Yesenia, mwanangu, hii ni mara ya kwanza?"

Yesenia alitazama vidole vyake. "Nilianguka shuleni pia. Kengele ya moto ililia ghafla. Sikusema, wangenicheka."

Mama Chela aliweka sufuria chini.

"Ofelia, kaka yako Genaro alikufa vipi?"

"Unajua, Mama Chela. Alikuwa kijana mwenye nguvu. Saa ya kengele ililia asubuhi aende kazini. Tulimkuta kitandani, saa bado inalia."

"Na dada yangu Hortensia," Bibi aliongeza, "simu ililia akiwa amesinzia. Nimekwambia, sisi ni roho nyepesi."

Mama Chela akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Bibi, nisikilize. Unaijua ile pampu inayovuta maji ya mfereji kwenda kwenye machungwa? Inaendeshwa na nini?"

"Umeme. Hata mtoto anajua."

"Moyo nao ni pampu. Una umeme wake mdogo. Ukishapiga pigo moja, lazima ujiandae kwa pigo jingine. Katika familia nyingine moyo huchelewa kujiandaa. Siku nyingi hakuna shida. Mtu anakula, anacheza, anaoa. Kisha kishindo kinakuja ghafla, moyo haujawa tayari. Badala ya kupiga, unatetemeka tu. Damu haifiki kichwani, mtu anaanguka. Moyo ukijirudi, ataamka. Usipojirudi, hataamka."

Mama alijishika kifua. "Genaro..."

"Sijui, mpenzi wangu. Siwezi kumpima marehemu. Lakini walio hai wanapimika."

"Kwa hiyo yai langu ni la uongo?" Bibi aliuliza kwa ukali.

"Sikusema hivyo. Yai lako limewatuliza watu wengi, na mimi mmoja wao. Tuliza hofu, Bibi. Lakini yai halisomi moyo."

"Ni ugonjwa wetu sisi tu?"

"Hapana, uko katika kila taifa. Ila watu wetu wanaopimwa ni wachache. Tunasema susto, tunazika, tunarudi kazini. Si kila anayezimia anao. Lakini mtu akizimia kwa kishindo, au akikimbia, au akiogelea, na katika ukoo wake kuna kijana aliyekufa ghafla, huyo asingoje." Aligeuka. "Ofelia, siku ya kuzaliwa ya huyu, anapotimiza kumi na tano, mmepanga nini?"

Mama alijibu polepole. "Kama ilivyo desturi. Wanamuziki watakuja alfajiri chini ya dirisha lake. Wamwamshe usingizini kwa wimbo."

"Kwa vyombo gani?"

"Magitaa. Na tarumbeta."

"Nani atapuliza tarumbeta?"

Wote walimtazama Leobardo. Yeye alitazama maji ndani ya glasi. Nyuzi za yai zilikuwa zikielea.

Wiki ile Mama Chela aliwapeleka wote kliniki. Kipimo cha umeme wa moyo hakiumi. Unalala chali. Unabandikwa vibandiko kifuani, mikononi na miguuni. Mashine inachora mistari kwenye karatasi, basi.

"Vibandiko ni baridi!" Yesenia alilalamika.

"Nyamaza, mwenzio nimewahi kuvaa shati la sufu kanisani kwenye joto la mwezi wa saba," alisema Bibi, akasubiri zamu yake kama malkia.

Kwenye mistari ya Yesenia, nafasi ya moyo kujiandaa ilikuwa ndefu kuliko inavyotakiwa. Ya Mama vilevile. Ya Bibi pia. Leobardo, kwa ushujaa wake unaojulikana, alisubiri zamu yake.

Daktari aliwaeleza bila haraka. Ugonjwa huu hurithiwa. Mzazi akiwa nao, kila mtoto anaweza kuurithi au kuukosa, kama kurusha sarafu. Aliwapa vidonge vya kila siku, wasivikatishe hata wakijisikia wazima. Aliwaambia wamwonyeshe karatasi yao kila daktari na kila muuza dawa, maana zipo dawa za kawaida zinazouchelewesha moyo zaidi. Saa za kengele zitolewe vyumbani. Mtu akianguka asipumue vizuri, piga simu ya dharura papo hapo, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, usiache mpaka msaada ufike.

Pia aliwafuta ndani ya shavu kwa pamba, ili maabara itafute kasoro yenyewe. Jibu lilipokuja, Mama aliligeuza juu chini.

"Wanasema wameona badiliko, lakini hawajui kama ndilo linaloleta ugonjwa. Inakuwaje wasijue?"

"Kwa sababu wanalinganisha na watu waliokwisha kupimwa," Mama Chela alisema, "na watu wetu humo ni wachache. Ndugu wote wakipimwa, wagonjwa na wazima, ndipo wataalamu wataona badiliko linamfuata nani. Kila mmoja wenu anamsaidia Yesenia."

Siku ya kuzaliwa ikafika. Alfajiri, Mama aliingia chumbani peke yake. Alimgusa Yesenia begani, akamwita kwa sauti ndogo. Alimpa kahawa ya maziwa na kidonge chake. Yesenia aliamka, akanyoosha mikono, akafungua dirisha mwenyewe.

Huko mbali, karibu na uzio, magitaa yakaanza taratibu. Baadaye kabisa ikaingia tarumbeta. Ilikuwa imezibwa kwa soksi.

"Hiyo ni tarumbeta," Yesenia alipaza sauti, "au bata mwenye mafua?"

Bibi alicheka mpaka akalia. Yesenia alicheza ngoma usiku ule hadi viatu vikamshinda. Hakuanguka.

Hapo hadithi, ilivyoandikwa kwanza, ilikuwa imeisha, vizuri na kwa heshima. Mama Chela aliichukua akaipeleka kwenye darasa lake la watu wazima wanaojifunza kusoma, kanisani. Mwandishi alialikwa kupigiwa makofi.

Mwanafunzi aliyesoma kwa sauti alikuwa Bibi Eulalia. Alifuata maneno kwa kidole, moja moja. Kwenye ukurasa wa kliniki kidole kikasimama.

"'Alisubiri zamu yake.' Haya. Kisha mashine ikasema nini?"

"Endelea, Bibi. Mbele kuna sherehe."

"Nimeshaangalia mbele. Kuna bata. Mashine hakuna." Aliinua miwani. "Miaka yote nimesoma mayai, hayakunificha kitu. Leo nasoma herufi, na mjukuu wangu ananificha."

Darasa zima likageuka kunitazama.

Basi naungama. Leobardo ni mimi, na sura yenyewe ni ya kawaida. Zamu yangu ilipoitwa niliaga kwamba naenda chooni. Nilijifungia ndani ya gari la Mama mpaka wote walipomaliza. Sikuogopa vibandiko. Niliogopa kujua. Ndiyo maana jibu la Yesenia bado lina pengo, na pengo hilo ni langu.

Mstari huu nauandikia kwenye benchi la kliniki. Bibi amekaa upande wa mlango, miguu ameinyoosha njiani. Wameita jina langu.