Kikohozi Ndani ya Kabati Jipya

Kikohozi cha kwanza kilitoka ndani ya kabati, na kabati lilikuwa tupu. Lydie, muuguzi wa chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, alilifungua mwenyewe. Hakukuta mtu. Alikuta harufu ya vanishi, tamu kidogo, iliyomkwaruza koo mpaka machozi yakamtoka. Ilikuwa saa sita kamili mchana, na mabati ya hospitali yalikuwa yanalia kwa joto la Kisangani.

Chumba kilikuwa na wiki moja tu tangu kipakwe rangi. Wakubwa walitaka sherehe ya kukifungua, ndiyo maana kila kitu kilikuwa kipya: kuta, makabati, hata zulia la plastiki lililobandikwa sakafuni kwa gundi. Watu walikisifu kweli. Lydie naye alikisifu, akamwombea nafasi Plamedie, mdogo wake, aliyejifungua kwa miezi saba. Maskini, alidhani anamtendea wema.

Kuanzia hapo, kila ifikapo saa sita, kikohozi kilirudi. Vichwa viliwagonga akina mama, macho yakawawasha, na watoto wakaanza kupumua kwa kukwaruza. Aliyezidiwa zaidi ni Merdi, mtoto wa Plamedie. Midomo yake iligeuka rangi ya majivu.

"Yaya, uko nasikia?" Plamedie alimnong'oneza dada yake. "Kuna mutu iko nakohoa nyuma yangu."

"Nyamaza, ma petite. Usiisemeshe."

Mama Françoise, mkuu wa chumba na kiongozi wa kikundi cha maombi, hakuwa mtu wa kusitasita. Kwake yeye pepo huingia kwa dirisha, basi.

"Bon, mufunge madirisha yote! Muzibe na bikwembe. Bashetani banapitiaka kule."

Wakafunga. Wakaziba kila upenyo kwa vitenge vyao, wakaanza kuimba. Na kadiri walivyoziba ndivyo harufu ilivyozidi kuwa nzito, na kikohozi kikatoka kabatini, kikatambaa sakafuni, kikapanda ukutani polepole kama mzee anayepanda ngazi, kikapita kitanda baada ya kitanda huku akina mama wakiimba kwa sauti inayozidi kukonda, hadi kikasimama juu ya Merdi, na Lydie, mkono wake kifuani pa mtoto, akahesabu pumzi moja, akangoja ya pili, akangoja, akangoja.

Ikaja. Lydie hakuwahi kuogopa hivyo maishani mwake. Akatoka mbio kwenda kumwita mwalimu Abdulhamid, mzee wa msikitini aliyejulikana kwa kutoa majini. Mkristo mzima, na wala hakuona haya.

Mzee alisimama mlangoni, akanusa, uso ukamkunjamana.

"Ni nani alifunga madirisha?"

"Ni sisi, papa," Lydie akajibu. "Juu ya shetani isiingie."

"Ee Mungu! Hii haikutoka inje. Ilikuya na makopo ya rangi, iko nakaa mu ukuta na mu mbao. Joto ikipanda, inaamuka. Na muko munaifungia pamoja na batoto!"

Hapo hata Mama Françoise hakubisha. Vitenge vikang'olewa, makabati yakaburutwa hadi uani, watoto wakabebwa barazani. Mzee akabaki ndani akisoma dua, na upepo wa mtoni ukapita chumbani kutoka upande mmoja hadi wa pili. Wote walikisikia kikohozi kikitoka dirishani, kikivuka majani, kikififia.

Midomo ya Merdi ikaanza kupata damu, kisha akalia kwa nguvu kama mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni. Akina mama wakapiga vigelegele. Plamedie alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akimng'ang'ania dada yake shingoni. Kwa furaha Lydie akampokea mtoto, akainama ambusu. Merdi akapiga mwayo, na kutoka katika kile kinywa kidogo pumzi ikamgusa Lydie usoni. Vanishi, tamu kidogo.

"Yaya, iko bien, iko muzuri?" Plamedie akauliza.

Lydie akamtazama mdogo wake anavyocheka.

"Iko bien," akasema, akamrudishia mtoto huku ameibana pumzi yake.